Jina la Enok

Ilikuwa mwaka wa sabini na nane. La, nakosea: sabini na tisa, maana ndio mwaka sisi watu wa Greenland tulipopata bunge letu, na Benigna hakutoka nyumbani kulishangilia.

Benigna alikuwa binti wa mama yangu mdogo. Kazi yake ngozi za sili, wale wanyama wa bahari ya barafu, mikono mafuta siku zote, na mdomo mkali kama kisu chake. Zamani, mumewe Enok alirudi kutoka kuwinda mikono mitupu mara nyingine tena, naye Benigna akamcheka mbele ya wanawake wenzake.

"Sili wenyewe wamemzoea, wanampungia mkono!"

Ufuko mzima ukacheka. Enok akageuza mtumbwi wake wa kayaki, akaondoka, asionekane tena. Tukasema bahari imemla.

Majira yale yale dada yake Enok akajifungua binti, mtoto akapewa jina la marehemu. Kwetu jina halibagui mke na mume. Anayelibeba ndiye marehemu aliyerudi, basi Benigna akamshonea yule mtoto viatu, akamwita "mume wangu", akamnong'oneza sikioni kumwomba radhi. Mtoto alipojua kusema akamjibu "mke wangu". Miaka thelathini Benigna akaishi kwa radhi ile.

Sasa, mwaka huo nilimbeba kwenye boti yangu Tove, bibi wa Kidenmark aliyekuja kupima magamba ya mawe, yale madoa meusi na ya kijani yanayoota juu ya miamba polepole mno. Kwa upana wa doa hukadiria jiwe limelala vile tangu lini. Mwisho wa ghuba tukakuta kibanda cha mawe kilichobomoka. Ndani, chini ya kuvumwani, ule ukoga laini wa kijani, nikavuta nusu ya kasia lenye ukingo wa mfupa. Kazi ya Enok, ningeijua gizani.

"Kumbe alifika nchi kavu," nikasema.

Tove alikuwa amepiga magoti ukutani. "Ukuta huu una madoa ya miaka thelathini hivi. Lakini ule pale, mawe yake yamegeuzwa baadaye sana. Labda miaka kumi na zaidi baada ya huu. Kuna mtu alikuwa akiukarabati."

Kwetu mtu akiaibishwa huweza kwenda milimani, asirudi kwa watu mpaka afe.

Nikampelekea Benigna kasia. Akaupapasa ule ukingo.

"Maji ndiyo yaliyolileta?"

"Si maji, dada." Nikamweleza habari ya ukuta.

Akaliweka kasia magotini. "Basi yule niliyekuwa nikimwomba radhi ni nani?"

Jumapili akaja Enok yule mtoto, sasa mama wa watoto wawili, na samaki mkavu kwapani. "Mke wangu! Nimekuletea minofu minono, mbona hunikaribishi? Umepata bwana mwingine?"

Siku zote hapo angejibiwa tusi la mapenzi. Benigna akaendelea kukwangua ngozi.

"Weka hapo mezani, mwanangu."

"Mwanangu?" Enok akacheka, kisha akaacha.

Hakuitwa mume tena. Benigna alikufa kabla barafu haijavunjika, kasia limeegemea kitanda chake.

Nimetembea vijiji vingi tangu hapo, nimewauliza makatekista na wazee, wakanimiminia kahawa tu: nawauliza, jina tulimpa mtoto wakati mwenyewe angali hai. Je, yule bwana kule juu milimani, miaka yote ile, aliishi kwa jina la nani?