Kingo za Keki ya Kurasa

Bekari ina milango mitatu, lakini keki ni moja. Watu wa mjini hawapendi kuambiwa hivyo, hasa wale wa mlango wa kwanza, ambao mlangoni kwenyewe hawafiki. Wao keki huwafuata hotelini kwa gari lenye jokofu, ikawekwa kwenye sahani pana kama usukani, ikanyunyiziwa sukari laini, ikapewa uma wake, kisu chake na bei ya viatu vya shule. Mlango wa pili ni duka la mbele. Hapo keki hiyohiyo hutiwa kwenye boksi lenye utepe, na mnunuzi hulibeba kwa kidole kimoja akipita njia ndefu, mtaa mzima upate habari. Mlango wa tatu uko nyuma, karibu na mapipa. Huko huuzwa kingo, ndani ya gazeti la jana, na mteja hula amesimama, mafuta yakimsaidia kusoma.

Inaitwa keki ya kurasa kwa sababu unga wake husukumwa, hupakwa siagi, hukunjwa, husukumwa tena, hukunjwa tena, mpaka ukiuma unahisi kama umefungua kitabu. Katikati hulazwa kastadi, ule uji mzito wa mayai na maziwa. Trei likitoka kwenye oveni, pembezoni huwa pamekauka, pameungua, sukari imegeuka kioo, kastadi haijafika. Pande zote nne lazima zikatwe. Aliyekunja unga huo na kukata kingo hizo kwa miaka ishirini na sita ni bwana mmoja ambaye hata bosi wake alimwita Siagi, na nadhani bosi alidhani ndilo jina alilopewa na mama yake.

Kila mfanyakazi alikuwa na haki ya gazeti moja la kingo jioni. Ukikutwa na kipande cha katikati, kazi imekwisha siku hiyohiyo. Na kwa kuwa kastadi haijui kukaa mfukoni kwa siri, kesi zilikuwa fupi.

Sasa kosa la Siagi lilikuwa hili. Wakati anamchumbia mkewe alimpelekea gazeti la kingo, maana ndicho alichokuwa nacho. Binti wa watu akauma, ukingo ukalia menoni, akafumba macho na kuuliza kama hiki ndicho anachotengeneza. Mwanamume anayechumbia ana jibu moja tu kwa kila swali. Akasema ndiyo. Alikusudia kumfafanulia wiki inayofuata, lakini wiki inayofuata kulikuwa na posa, kisha harusi, kisha mimba, na ukweli ule ukawa kama kiti kibovu cha sebuleni: mwenye nyumba anajua hakikaliki, basi anakizunguka tu.

Mama watoto akala kingo miaka yote hiyo akijua ndiyo keki. Akiwaona wenye maboksi aliwaonea huruma, akisema wamelipia utepe. Aliwasimulia majirani jinsi mkono wa mumewe unavyoikausha keki mpaka inaongea. Siagi alisikiliza sifa hizo akitazama vidole vya miguu. Alikuwa anasifiwa kwa mabaki. Kazi yenyewe, ile ya kukunja na kusukuma mpaka mabega yanawaka, mtu wake wa karibu kuliko wote hakuwahi kuitia mdomoni.

Halafu koo la mama watoto likaanza kujifunga. Kwanza lilikataa nyama, kisha ugali, kisha likawa linajadiliana na kila kijiko. Daktari, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni, alieleza siku ya Alhamisi kwamba uvimbe wa kooni haukatiki, kwamba Jumatatu watatoboa tumbo na kuingiza mpira wa kupitishia chakula, na kwamba baada ya hapo kwa mdomo ni basi. Akasema familia iitumie vizuri siku zilizobaki. Alisema kama mtu anayetangaza maji yatakatika.

Nyumbani, binti yao mkubwa, fundi cherehani, alimuuliza mama yake anatamani nini. Mama hakufikiri hata kidogo. Alitaka keki za baba, zichovywe kwenye chai mpaka zilainike, azimumunye.

Siagi alikataa. Alisema atampeleka hotelini, Jumamosi, wakae kwenye kiti chenye mto, ale keki ya kweli.

"Ya kweli kuliko ipi?" binti akauliza.

Baba akajifanya anatafuta kiatu.

"Baba, mpe anachokitaka. Siku zenyewe za kuhesabu, wewe unataka kuonyesha nini?"



Jumamosi wakaenda. Mama alivaa gauni ambalo binti alikuwa amelipunguza mara mbili mwezi ule na bado lilimpwaya. Mhudumu, kijana aliyenyooka kama fagio, aliwaeleza kwa sauti ya msikitini kwamba keki hii ni siri ya mpishi wao mkuu, na Siagi, aliyeikunja kwa mikono yake alfajiri ile, akashukuru kwa kufahamishwa. Meza ya jirani, mama mmoja alikuwa ameacha nusu ya yake na amezima sigara ndani yake.

Keki ikaja. Mama watoto aliibonyeza kwa uma. Kurasa zikaporomoka, kastadi ikachungulia, laini, ya manjano, ikitetemeka. Siagi akashika pumzi kama mtoto aliyepeleka daftari kusahihishwa. Mama akaonja, akaigeuza mdomoni kwa muda mrefu, akatoa leso akaitemea humo kwa adabu. Kisha akamwita mhudumu.

"Mwanangu, irudishe jikoni, haijaiva. Usiogope, huyu mume wangu ndiye fundi wa hizi, anajua. Zikiiva huwa zinalia."

Mhudumu akamtazama Siagi, akatabasamu kama watabasamuvyo watu waliofundishwa kutabasamu.

"Imeiva, mama watoto," Siagi akasema. "Hii ndiyo yenyewe."

"Na zile?"

"Zile ni kingo. Tunazikata."

"Mnazikata mnazipeleka wapi?"

"Mlango wa nyuma. Kwenye mapipa kule."

Hapo ndipo angeweza kumeza ulimi wake na mambo yakatengenezeka, lakini alikuwa ameshikilia maneno hayo miaka ishirini na sita na yalitoka yote, pamoja na kwamba katikati ndiyo kazi, kwamba alitaka aijue kazi yake kabla ya Jumatatu. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta sahani, akala vipande vitatu, polepole, kwa uchungu wa koo, kama mgeni anavyokula chakula asichokipenda ili mwenyeji asiumie. Kila kimoja kilimchukua dakika nzima.

"Nzuri," akasema.



Jumapili Siagi alikwenda bekari siku yake ya mapumziko, akaokota kingo zilizoungua vizuri kuliko zote, akakimbia nazo zikiwa moto. Binti akachemsha chai. Mama aliutazama ule mkusanyiko ndani ya gazeti, akausogeza kwa kiganja.

"Nipeni uji," akasema.

"Juzi tu ulikuwa unazitaka," mumewe akamwambia.

"Juzi zilikuwa keki."

Jumatatu wakatoboa. Jioni muuguzi alimfundisha Siagi namna ya kushika mpira na kusukuma uji kwa bomba la sindano, taratibu, asiingize hewa. Siagi alikuwa mwanafunzi mzuri. Mikono yake ilizoea unga. Akauliza kama mtu anaweza kusaga keki na maziwa akaipitisha humo.

"Ikiwa nyepesi, unaweza, mzee wangu. Ila ulimi hautapata habari."

"Ipi inafaa zaidi, ya katikati au ya pembeni?"

Muuguzi alidhani ni utani, akacheka. Akamwambia kwenye mpira zote ni moja.

Siagi akageukia kitanda. Mkewe alikuwa macho, amewasikia wote wawili.

"Weka uji," akasema, akageuza uso upande wa ukuta ili asione ukiingia.