Papai Bichi

Mchana ukianza kuinama, muuza mapapai huvua viatu, akakanyaga gunia tupu na kuhudumia wateja bila kuinua uso. Vidole vimechubuka kwa utomvu. Majani huwauzia wenye homa, mbegu wenye minyoo, na bei yake haishuki. Muuza vitunguu wa meza ya jirani hajawahi kumwona akipunguza, hata kwa shemeji yake.

Leo kaja binti aliyeolewa juzijuzi mtaa wa nyuma. "Shikamoo mama. Nataka papai bichi lenye utomvu. Mama mkwe anasema linamaliza minyoo."

"Marahaba. Mgonjwa nani?"

"Mimi. Tumbo linanisokota kila asubuhi."

Muuza mapapai akainua uso taratibu, kama anayeinua ndoo iliyojaa. Binti alikuwa ametema mate mara ya tatu, na shingo kaigeuzia mbali na vitunguu.

"Bichi sikuuzii. Litaiharibu hiyo mimba."

Binti akashika ukingo wa meza. "Hata mume wangu sijamwambia. Nikirudi mikono mitupu nitasema nini? Nitaongeza bei, mama."

Muuza vitunguu akaacha kumenya. Muuza mapapai akapiga mwayo mrefu, akasukuma papai bivu mbele ya binti.

"Lipia hili, ule njiani. Mama mkwe mwambie yule bahili wa mapapai kagoma kupunguza, mkagombana. Hiyo itakupa siku mbili za kuzungumza na mumeo."

"Na mama mkwe asiponiamini?"

"Mimi huyu? Atakuamini kabla hujamaliza."