Jino la Bheki Mkononi mwa Mjomba Safari

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Troyeville, Johannesburg, uliruhusiwa kumpiga mwenzako karibu popote, ila si mdomoni. Sheria hiyo iliwekwa na Koko, mama yake mama yangu. Alitoka nayo Uvira, Kongo, pamoja na Biblia na vitenge vichache, na hakutaka ijadiliwe. "Meno ya mutu iko na hasira ya mwenyewe," alituambia. "Ikikukata, ile hasira inaingia ndani." Dawa yake, kwa imani ya Koko, ilikuwa moja tu: mwenye jino aje mwenyewe, amnawishe aliyeumia mbele ya watu, na kila mmoja aseme kweli kilichotokea. Sisi tuliozaliwa Johannesburg tulimcheka. Shuleni tulipigana karibu kila siku kwa sababu ya kuitwa makwerekwere, tusi la huku kwa wageni wa Kiafrika, na nani alikuwa na nafasi ya kuchagua pa kupiga?

Mtu pekee aliyemuunga mkono Koko alikuwa mzungu. Mista Magnus, mzee mrefu mwenye kikohozi, alipanga chumba cha uani. Ujanani alifanya kazi kwenye migodi ya Katanga kabla ya kuja kwenye migodi ya huku, kwa hiyo alijua Kiswahili cha Lubumbashi, jambo lililomfurahisha Koko kuliko alivyokiri. Kwao ni visiwani, mbali kaskazini mwa Uskoti, ambako alisema jua la kiangazi halitaki kulala na la majira ya baridi halitaki kuamka. Jioni alikaa kibarazani na Koko akitusimulia mambo ya kwao, na hayakuwa mambo ya kumbembelezea mtoto usingizi.

Kwanza walikuja Wanorwe kwa merikebu, alisema, wakaua, wakapora, wakakaa moja kwa moja, hadi mashamba na vilima vikaitwa kwa majina yao. Watawala wao waliitwa majarl, nao walichinjana hata ndugu kwa ndugu. Jarl mmoja wa visiwa vya Orkney alipatana na bwana mmoja wa Uskoti wakutane wapigane, kila upande na idadi ile ile ya farasi. Jarl akafanya hila: akapandisha watu wawili juu ya kila farasi. Wakawamaliza Waskoti, wakawakata vichwa, wakavifunga kwenye matandiko ya farasi ili warudi navyo nyumbani kwa mbwembwe. Sasa, yule bwana wa Uskoti alikuwa na jino lililochomoza nje ya mdomo. Farasi akikimbia, kichwa kinaning'inia na kupigapiga, jino likamkwaruza jarl mguuni. Mguu ukavimba, ukaoza, jarl akafa.

"Si mumeona!" Koko alituambia, akipiga goti lake. "Kwa sababu hakuna mwenye alimunawisha."

"Nani angemunawisha, mama?" Mista Magnus akasema. "Kichwa haina mikono."

Sehemu iliyomchekesha Koko hadi akajifuta machozi ni ile ya harusi. Karne nyingi baadaye, mfalme aliyetawala Norwe alimwoza binti yake kwa mfalme wa Uskoti, akakosa mali ya kumpa binti aende nayo, akaweka visiwa rehani. Hakuvikomboa tena. "Baba ya binti ndiye analipa?" Koko aliuliza. "Hao batu walikuwa bazima kweli?" Lakini Mista Magnus hakucheka. Watu wa kwao, alisema, waliamka asubuhi wakiwa mali ya mfalme mwingine, na hakuna aliyewauliza. Mabwana wa Kiskoti wakaja na sheria zao na lugha yao, wakapokonya ardhi, na mmoja wao akawashurutisha watu wamjengee ngome. Wazee wa kwao huamini kwamba chokaa ya ngome hiyo ilikandwa kwa damu. Mimi nilichoshangaa wakati ule ni kwamba kumbe wazungu nao waliweza kufanyiana hivyo. Leo nadhani ndiyo maana mzee yule aliishi nasi bila kutuona wa ajabu.

Mjomba Safari, mdogo wake mama na kipenzi cha Koko, alikuwa fundi cherehani. Alishonea kwenye kijiduka pale kona, ukuta mmoja na saluni ya Mama Chantal, jirani yetu Mrundi. Mchana mmoja nilikuwa natoka shule, nimefika kwenye robot, yaani taa za barabarani, nikasikia nyimbo. Kundi la wanaume lilikuwa linateremka barabara na marungu na nondo, likisema wageni warudi kwao. Vioo vya saluni vilikwenda kwanza. Mama Chantal alikimbia na mteja wake, nywele za yule mteja zimesukwa upande mmoja tu.

Kisha nikamwona Bheki. Sote tulimjua Bheki. Alikuwa akilinda magari yaliyoegeshwa mbele ya maduka, na Mjomba alishawahi kumpindia suruali. Aliingia akatoka amekumbatia cherehani. Mjomba akamfuata, akampiga ngumi moja ya mdomo iliyosikika hadi nilipokuwa nimesimama. Cherehani ikaanguka. Bheki naye akaanguka, akainua kiganja kuomba basi. Mjomba hakujali kiganja. Alimkalia kifuani akampiga, akampiga tena, hadi mdomo wa Bheki ukawa hauna umbo, na wenzake wakaja na nondo, na ving'ora vya polisi vikasikika, wote wakatawanyika. Nilijikojolea pale pale kwenye robot. Nalisema wazi kwa sababu wanaosimulia vita vya mtaani kama mpira hawakuwa mtoto aliyesimama karibu.

Jino la Bheki lilibaki limekwama kwenye fundo la kidole cha kati cha Mjomba. Alilichokoa kwa ncha ya mkasi, akalitia kwenye kopo la vifungo, na siku zilizofuata akawa analitoa kuwaonyesha wateja. Wakongo wenzake walimwita Jenerali. Koko alipoliona alikaa chini.

"Rudisha hiyo kitu kwa mwenyewe, Safari. Akuje akunawishe."

"Mama, hapa ni Joburg," Mjomba akajibu. "Akikuja, nitamutoa ya pili."

Kidonda kilikuwa kidogo, lakini mkono ulianza kuvimba. Alikwenda kliniki, na huko akafanya kosa ambalo fundi cherehani peke yake angeweza kulifanya. Nesi alipomuuliza kimemchoma nini, alisema sindano ya cherehani. Vidole vyake vilijaa alama za sindano, nesi angekataaje? Aliogopa kwamba akitaja jino ataulizwa habari za polisi, na za polisi zitaleta za vibali vya kuishi nchini. Akachomwa sindano ya pepopunda, akapewa vidonge vya maumivu, akarudi. Baada ya hapo mkono ukawa kama mkate uliozidi hamira, mstari mwekundu ukapanda hadi kwenye kiwiko, na homa ikamfanya aongee na watu waliokufa Uvira. Kila tukitaja hospitali alisema keshaenda.

Koko akavaa viatu vya kanisani, akanishika mkono. Yeye Kizulu hakukijua hata neno, mimi ndicho nilichokiongea zaidi.

Bheki alikaa kwenye jengo la ghorofa upande wa Doornfontein. Tulimkuta kwenye ngazi, midomo ikiwa bado mikubwa, anakunywa uji kwa mrija. Nikatafsiri kama nilivyoagizwa: bibi yangu anasema jino lako linamuua mwanawe, anaomba uje umnawishe mkono. Bheki akatazama kama hakuamini kwamba tumethubutu. Akainuka, akampiga Koko teke la bega. Koko akaporomoka vidato kadhaa, akakaa, akapanga kitenge chake, akapanda tena hadi pale pale. Bheki akavunja chupa ukutani.

"Mwambie nitamchinja."

Nikamwambia Koko. "Mwambie akuje kwanza anawishe," Koko akasema, "atachinja kisha."

Mlango nyuma yake ukafunguliwa, akatoka bibi yake Bheki, Gogo kama Wazulu wamwitavyo bibi, mfupi mwenye miwani. Akataka nirudie yote tangu mwanzo, pamoja na ngumi, pamoja na cherehani. Nilipofika kwenye kunawishana, akaitikia kwa kichwa. Kumbe kwao pia waliopigana hunawa pamoja kwa maji yenye majivu. Akampokonya mjukuu wake kile kipande cha chupa, akamzaba kofi juu ya midomo ile iliyovimba, akaingia ndani kutafuta majivu.

Chumba cha Mjomba kilinuka nyama. Mista Magnus alishika beseni, Gogo akatia majivu, na Bheki akapiga magoti. Nilitegemea amwage yale maji na kutukana. Badala yake aliuchukua ule mkono kwa mikono yake miwili akaunawisha taratibu, kidole baada ya kidole, akilia kwa hasira. Akasema: nilikuja kukuibia cherehani. Zamu ya Mjomba ilipofika, akasema alimpiga mtu aliyekwisha kusalimu amri. Na nesi, akasema, alimdanganya kwamba ni sindano.

"Ulisema sindano?" Mista Magnus alipiga kelele hadi akakohoa. "Wee ni mupumbavu, Safari! Ingia mu gari!"

Walimpeleka hospitali kwa bakkie ya Mista Magnus, pikapu yake ndogo, Bheki akiwa amemshikilia nyuma. Huko Mjomba aliwaambia madaktari ukweli, na mmoja wao akasema wangechelewa kidogo tu wangebeba maiti. Alikatwa vidole vitatu vya mkono wa kulia. Ufundi uliishia hapo. Akawa mlinzi wa usiku, na jina la Jenerali hakuna aliyelitaja tena. Mtaa mzima ulimsifu Koko, nami nilimsifu kuliko wote.

Mwaka uliofuata kundi lilirudi. Tulijifungia ndani, Koko akasimama nyuma ya pazia la dirisha, nami ubavuni pake. Bheki alikuwa mbele yao. Alifika kwenye geti letu, akageuka, akawaambia wenzake hapa hapaguswi. Wakamtii. Kisha nikamwona anaingia nyumbani kwa Mama Chantal, ukuta mmoja na kwetu, nikasikia Mama Chantal akimwita Bheki kwa jina, akimwomba, halafu nondo, halafu mlio ambao bado naujua. Alimvunja mkono wa kulia, ule wa kusukia.

"Asante Mungu," Mjomba alinong'ona. "Maji ilifanya kazi."

Koko akageuka akampiga kofi, mtu mzima yule, mbele yetu. Kisha akaketi sakafuni. "Nilimuleta hapa kwa ajili ya mutoto yangu tu," alisema. "Mama Chantal sikumufikiria."

Baadaye daktari mmoja alinieleza habari za vijidudu vya mdomoni, nami namwamini. Lakini havinielezi mikono ile ya Bheki, ilivyokuwa mipole kwetu na ilivyokuwa upande wa pili wa ukuta. Koko alitaka kumponya mwanawe, akamponya, na amani aliyoipata ikatosha nyumba moja. Sijui angefanya nini zaidi, mwanamke mmoja asiyejua lugha. Yeye aliamini alipaswa kujua la kufanya.

Mama Chantal alihama mwisho wa mwezi ule. Alipita mbele ya kibaraza chetu, mkono umefungwa plasta, mtu mwingine akimbebea mizigo. Koko akasimama akamwamkia. Mama Chantal alitutazama sote, mmoja mmoja, tukiwa wazima, akaenda zake bila kuitikia.