Shimo la Jirani Mpya

Harufu ya chokaa mbichi hunirudisha kwenye barabara yetu ya cité, mtaa wa Waafrika, siku zile majirani wote walipotoka pamoja kuzibua mifereji na kupaka kuta. Kazi ile ilikuwa ulinzi pia. Kila mmoja alimtazama mwenzake, maana watu waliogopa batumbula, wale waliosemekana kulevya watu kwa kinywaji, kuwaficha mashimoni na kuwauza kwa Wazungu.

Mjane mmoja aliyehamia karibu nasi hakutoka kamwe kufanya kazi na wenzake. Siku moja nikachungulia kwenye uzio wake wa matete, nikamwona ameshika jembe kando ya shimo lenye kina. Nilikimbia kumwambia mama.

Mama aliweka ndoo ya chokaa chini. Majirani wakamfuata na majembe yao, wakasukuma mlango wa uzio.

"Shimo iko ya nini?" mama aliuliza.

Mjane alifuta jasho. "Iko kisima ya zamani, ilikauka. Mbao za juu zimeoza. Niko nafukia, mutoto asianguke mule." Akatuangalia mmoja mmoja. "Munaogopa miye, shimo hamuogope?"

Mama akaanza kusukuma udongo, wengine wakafuata, na kabla jua halijatua shimo lilikuwa limejaa. Mjane akaleta maji katika kikombe cha bati, akaninyooshea mimi kwanza. Nilikuwa na kiu kali.

Mama alinishika mkono. "Aksanti, mama, tutakunywa kwetu," alisema. Majirani wote wakaondoka, na kikombe hakuna aliyekigusa.