Muzee wangu anataka kuweka wimbo yetu ya mulango kwenye album

Admin, fichia mimi jina, juu bwana yangu anajulikana sana. Niko koko, bibi wa miaka makumi sita na tisa, ninaishi Beni, commune ya Ruwenzori. Masomo sikuona hata siku moja. Mujukuu wangu Masika njo anaandika, mimi ninasema. Nimemukataza kutengeneza maneno yangu.

Bwana yangu ni mupiga gitaa. Tangu ujana anapenda muziki moja ya Brésil, banaita bosanova, ile ya polepole, yenye mutu anaimba karibu na micro sawa anakuambia siri. Sasa yeye na barafiki yake wawili wa Butembo, bazee wenye majina kubwa, banafanya album pamoja. Ukihesabu meno yao yote, haifiki ya mutu mumoja, lakini vidole vingali vinasikia. Nilifurahi. Furaha iliisha siku nilijua ni wimbo gani banataka kufungia album.

Sikilizeni. Wakati vita ilikaza huku, mutu aligonga kwetu mchana. Niliuliza: «Nani?» Akajibu: «Mama, ni Mumbere.» Mumbere ni mutoto wangu wa kwanza. Lakini huku kwetu kila mutoto mwanaume wa kwanza anaweza kuitwa Mumbere! Nilifungua. Walikuwa batu ya bunduki. Walichukua mbuzi, walichukua unga, wakamupiga bwana yangu mbele ya batoto mupaka akashindwa kusimama.

Alipopona, akatutungia wimbo mufupi. Mwenye iko inje anaimba kipande ya kwanza, bila kufungua kinywa. Mwenye iko ndani anajibu kipande ya pili, polepole sana. Kisha njo mulango inafunguka. Hakuna wimbo, hakuna kufungua, hata ukisema wewe ni pasta. Nyumba yetu tu njo ilijua.

Mwaka munane imepita, Mumbere alienda Mutwanga kutafuta ndizi. Vita ikalipuka njiani. Benye alienda nabo balirudi, mumoja na kiatu moja tu. Yeye hapana. Hakuna mutu aliona maiti yake. Aliniachia batoto wawili wasichana, huyu Masika na mudogo wake. Watu wanatuambia tukimbilie Butembo, mimi ninakatala. Mutoto akirudi, atarudi kwa mulango anajua, na wimbo anajua.

Sasa mwezi uliopita bale bazee walikuja kwetu kufanya répétition, mazoezi ya album. Bwana yangu akaniita: «Mama Mumbere, kuya ujibu kipande yako.» Nikajibu, nikizani ni mambo ya nyumba. Mwenzake mumoja wa Butembo akaruka kwenye kiti: «Mama! Njo hiyo! Imba vile vile, sawa unaogopa kuamsha mutu. Bosanova yote iko ndani ya hiyo sauti!»

Nikamuambia: «Baba, mimi siimbi polepole juu ya uzuri. Ninaimba polepole juu ya batu ya bunduki basisikie.»

Kumbe téléphone ya ule muzee ilikuwa inarekodi tangu kipande ya kwanza. Akamutumia rafiki, rafiki akamutumia rafiki.

Wiki ya nyuma, mchana, ninachagua maharagi. Masika iko nyuma anasuka mudogo wake. Nikasikia kwenye mulango kipande ya kwanza. Ndugu zangu, sikuuliza. Maharagi ilimwangika yote. Nilijibu ninakimbia, nikafungua mulango wazi kabisa, nikaita: «Mumbere!»

Ilikuwa soda mumoja, mwanajeshi, téléphone inaimba ndani ya mufuko ya shati. Bunduki begani. Alikuwa anatafuta mayi ya kunywa. Akaangalia ndani, akaangalia batoto, akaniangalia mimi. «Koko, unalia nini? Ni muziki tu.» Nikamupa mayi. Alipokunywa, nilisimama katikati yake na batoto. Akasema aksanti, akaenda. Yeye hakufanya mubaya. Lakini mwenye atafuata?

Nilimuambia bwana yangu. Nilizani ataogopa. Akasema: «Umeona? Umesikia, umekimbia. Na Mumbere akisikia, atakimbia vile. Iyi muziki itafika Kampala, itafika Kinshasa. Kama mutoto iko muzima fasi fulani, tumutafute na nini kingine?»

Nikamuambia: «Na batu ya bunduki, hawana masikio?»

«Tutabadilisha wimbo ya mulango.»

«Wewe badilisha! Na Mumbere utamufundisha wapi ile mupya?»

Muzee alifuta gitaa yake na nguo, akafuta tena fasi imekwisha kutakata. Yeye pia ni baba. Ninajua analia akiwa kwenye choo.

Siku ya ine, Alhamisi iyi, pick-up itakuya kunichukua, niende Butembo kuimba kipande yangu. Bazee wamesema bila sauti yangu wimbo hawaiweki, juu nusu ni yangu. Basi iko mikononi mwangu peke yangu. Masika anasema: «Koko, imba, papa yangu atasikia.» Mudogo wake tangu ile siku ya soda hataki kubakia nyumba.

Nikiimba, mulango yangu iko wazi kwa kila mutu mwenye téléphone, na batoto wawili wako ndani. Nikikatala, pengine ni mimi mwenyewe ninamufungia mutoto wangu inje.

Nyinyi benye mulipoteza mutu na hamukuzika, nyinyi mbele ya wote: ingekuwa nyinyi, mungepanda iyo pick-up? Muniambie mbele ya siku ya ine.