Jino Aliloota Cucu

Nilikuwa na miaka tisa, bado nikiamini kila nilichoambiwa na mtu mzima, Cucu alipokuja kukaa nasi Doha. Cucu ni mama yake baba. Kwa kuwa mimi ndiye binti wa kwanza, nilipewa jina lake, Wambui, kama desturi yetu Wakikuyu inavyotaka, naye hakuwahi kuniita vingine ila "wajina". Alikuja kwa sababu mama alikuwa mjamzito, na mimba iliyotangulia ilikuwa imeharibika. Jambo hilo halikutajwa nyumbani, lakini hata mimi nilijua ndilo lililomleta.

Tuliishi Al Rayyan, kwenye jumba lililogawanywa kwa familia nne. Baba alikuwa fundi wa kompyuta, mama muuguzi. Upresbiteri kwetu ulikuwa kama ugali: haukujadiliwa, uliwekwa tu mezani. Ibada yetu ilikuwa Ijumaa, siku ya mapumziko ya huku, katika ukumbi tuliokodi kwa zamu. Wafilipino walikuwa wakitoka sisi tukiingia, na mahubiri yakirefuka kidogo Wahindi walianza kukohoa mlangoni.

Baada ya ibada baba alikwangua kadi ya simu, tukampigia Guka, babu yangu, aliyebaki Kenya, kwetu Nyeri, na ng'ombe wake. Guka alikuwa mzee wa kanisa tangu kabla baba hajazaliwa, na kwenye simu alizungumza kana kwamba anasoma ripoti mbele ya kikao. Kwanza familia, halafu afya, mwisho kanisa: nani ameposa, nani amelazwa, nani amechaguliwa shemasi, mabati ya paa jipya yamefika wapi. Akiulizwa afya yake mwenyewe alijibu neno moja tu, "Nipo," akaendelea na mabati.

Nililala chumba kimoja na Cucu. Asubuhi moja, adhana ya alfajiri ilipokuwa inaisha, nilimwona ameketi kitandani, kidole mdomoni, akigusa meno yake moja moja.

"Unaumwa, Cucu?"

"Hapana, wajina. Nimeota jino limetoka, likadondoka mkononi."

"Lipi?"

Akagusa jino la mbele, lile dogo la kando. Kisha akauondoa mkono upesi, kama aliyegusa sufuria ya moto. "Lala," akaniambia. "Usiseme."

Sikuhitaji kuelezwa. Mwaka wa nyuma, tulipokwenda likizo Nyeri, nilikuwa nimewasikia akina mama jikoni kwake wakizungumza. Ukiota gego limeng'oka, mtu mzima wa ukoo anakufa. Ukiota jino la mbele, ni mtoto. Cucu alikuwa mama wa kanisa, wa kitambaa cheupe kichwani na Biblia iliyofunikwa kwa gazeti, na bado jambo hilo alilisema kwa sauti ileile aliyotumia kusema mvua itanyesha. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yake bila kugombana. Siku hizi nikiwasikia watu wakiwacheka wazee wa namna hiyo, mimi siwacheki.

Mezani Cucu hakugusa chai. Mama, ambaye hata nyumbani hakuacha kuwa muuguzi, alimwangalia.

"Mami, mbona huli? Ni jino?"

Cucu hakuwa mtu wa kusema uongo. Nilimwona akitafuta pa kupita, akakosa.

"Nimeota limeng'oka," akasema.

Baba akacheka. "Mama, hata huku Uarabuni ndoto zimekufuata? Sisi ni Wapresbiteri, hatuna mambo ya meno."

Lakini mama hakucheka. Aliweka kikombe chini polepole, mkono mwingine ukashuka tumboni. Yeye pia alikulia jikoni kwa akina mama kama wale.

"Jino gani, Mami?"

Nilimtazama Cucu. Alinyoosha mgongo.

"Gego," akasema. "La nyuma kabisa. Na ni langu mwenyewe. Mzee humu ndani si ni mimi? Kuleni."

Tangu siku hiyo alianza kujiandaa, naye hakuwa akiigiza. Alimfundisha mama kumkanda mtoto, na kumfunga tumbo mzazi, haraka haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa. Alinionyesha nguo aliyotaka kuzikwa nayo, ya bluu, imekunjwa chini kabisa ya sanduku. Alimwambia baba, "Nikilala huku, msiniache kwenye mchanga. Nirudisheni." Baba alikasirika, akasema hataki kuyasikia maneno hayo tena. Ijumaa, mhubiri alipouliza nani ana ombi, Cucu alisimama akaomba aombewe safari njema. Watu wakadhani ni ya ndege.

Uchungu ulimshika mama mchana, wiki tatu kabla ya wakati. Baba alimkimbiza hospitali, tukabaki mimi na Cucu. Simu ya kwanza ilisema mtoto ni wa kiume. Ya pili ilisema hakulia alipozaliwa, na wamemweka kwenye oksijeni. Cucu alirudisha mkono wa simu mahali pake, akaingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda. Aliomba kwa Kikuyu, kwa sauti, nikamsikia akimwambia Mungu, "Tulishaongea. Nilisema ni langu." Alilirudia mpaka sauti ikakauka. Hakula siku hiyo wala iliyofuata.

Mtoto alipona. Baba alimpigia Guka kumweleza kwamba ana wajina, maana mwana wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu, naye Guka akacheka kwa muda mrefu. "Basi jina langu limefika Uarabuni kabla yangu," alisema. Kisha akataja mabati.

Kabla kitovu cha mtoto hakijakauka, baba mdogo alipiga simu kutoka Nyeri. Guka alikuwa ametoka kwenye kikao cha wazee wa kanisa, akaketi kwenye kiti chake avue viatu, akafia hapo, kiatu kimoja mguuni.

Cucu hakupiga kelele. Alisimama katikati ya sebule, macho kavu, akasema, "Nilisema langu. Langu! Nani aliyesikia lake?"

Baba alimkumbatia, akiamini ni majonzi yanayosema. Mimi peke yangu ndiye niliyejua alikuwa anauliza swali, na alikuwa anamuuliza nani.

Alirudi kumzika mumewe, akaishi miaka mingi baada ya hapo, akaendelea kuvaa kitambaa chake cheupe kila Jumapili. Sikuwahi kumsikia akisimulia ndoto tena. Tulipokwenda likizo, alimpakata ndugu yangu, na mtoto mwenyewe alitulia, yeye ambaye hakutulia kwa mtu mwingine.

Baada ya kumzika Cucu nilimweleza mama kuhusu jino lile. Nilidhani nampa habari mpya. Alikuwa anachambua mchele, hata hakuinua kichwa.

"Nilijua," alisema. "Aliposema gego hakuniangalia usoni. Aliniangalia tumbo."

"Na hukusema kitu?"

"Ningesema nini? Nilihitaji liwe gego." Akatupa jiwe dogo pembeni. "Nilikula, mwanangu. Siku ile nilikula kuliko siku zote."

Sijui ndoto hutoka wapi. Guka alikuwa na moyo mchovu na hakumwambia mtu. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hupata shida ya kupumua. Mama, akiwa muuguzi, anaweza kuyaeleza yote hayo vizuri. Lakini mimi nilikuwapo mezani. Cucu aliamini kabisa kwamba jino alilolitaja ndilo litakaloamua nani afe, na alikuwa anaogopa kufa kama mtu yeyote. Hakusita hata muda wa kumeza mate. Akajitaja.