Utani Mbele ya Mama

Sisi Wachaga tunatia ndizi hata kwenye supu, na hilo msichana niliyempenda hakunisamehe kamwe. Kila jioni akitoka soko la samaki la Feri, alikokuwa anamsaidia mama yake kukaanga samaki, alipita dukani kwetu Kariakoo, akasimama mlangoni na kupaza sauti: "Mangi! Leo tena ndizi?" Nami namjibu, "Nyamaza, Mswahili wewe! Nyie nazi mngetia hata kwenye maji ya kunywa." Wateja wanacheka. Sisi wenyewe tunacheka mpaka machozi yanatutoka.

Watu walidhani ni raha tu. Wapi! Tulikuwa tunaogopa. Yeye Mwislamu, binti wa watu wa pwani. Mimi Mkristo, mwimba kwaya, mtoto wa mwenye duka la vitenge. Akiniambia, "Ukija kuposa, wajomba zangu watakufundisha kwanza kutawadha," anacheka, lakini macho yananichungulia aone nitasema nini. Nikimwambia mama yangu atamkaribisha kwa kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, namsikiliza kama anacheka kwa moyo au kwa mdomo tu. Maswali yale tungeulizana kavukavu, nani angethubutu kujibu?

Basi mama akapiga simu kwamba anashuka kutoka Moshi. Nikamwahidi mwenzangu: siku hiyo hiyo mama akifika, namwambia habari zetu sisi wawili.

"Ukiogopa niambie mapema, nisije nikaaibika," alisema. Hapo hakuwa anatania.

Mama akafika. Alipokuwa anakula nikafungua mdomo, halafu nikamwongeza mchuzi. Asubuhi nikajiambia nitasema mchana. Mchana ukapita. Simu ilikuwa mfukoni. Ningeweza kumtumia mwenzangu maneno mawili tu, subiri kwanza. Sikutuma. Mpaka leo nikikumbuka najichukia.

Saa kumi mama alikuwa ameketi dukani juu ya robota la vitenge, anajipepea. Nikamwona mwenzangu anavuka barabara, gauni jipya, ushungi umepigwa pasi. Alidhani mambo yote yameshasemwa.

"Mangi!" akaita toka mlangoni. "Umempa mama ndizi tupu, au umemwambia na wali wa nazi unakuja?"

Akacheka, akainama kidogo. "Shikamoo mama."

"Marahaba," mama akajibu, akanitazama mimi.

Jamani, hofu ile! Mama hakuwa amekasirika hata kidogo, alikuwa anasubiri tu nimweleze. Nikaisikia sauti yangu mwenyewe inasema kwa adabu, "Karibu dada. Nikusaidie nini?"

Hakuelewa mara moja. Tabasamu lilikuwa bado usoni, anangoja nami nicheke. Sikucheka. Nikachukua kitenge kilichokwisha kukunjwa, nikaanza kukikunja upya.

"Samahani kaka," akasema taratibu. "Nimekosea duka."

Akageuka.

"Huyo binti unamjua?" mama akaniuliza.

Alikuwa hajavuka kizingiti. Akasimama palepale, amenipa mgongo, akajifanya anaweka ndala sawa mguuni. Nilijua ananipa nafasi.

"Hapana, mama," nikasema. "Simjui."